Dodoki la Bi Zuwena na Mbingu Niliyoichafua

Jamani wa rika langu, mpo? Nyie mliokunywa uji kwa kibuyu, mliovaa gauni moja mpaka likageuka ngozi ya pili, sogezeni vigoda huku mbele. Na nyie vijana wa kubofyabofya simu, kaeni hapohapo mlipo, ila masikio yenu nileteeni. Leo sisimulii fisi. Leo nasimulia dodoki.

Msicheke. Enzi zetu pale Didia dodoki lilikuwa mtu mzima. Lilikuwa linapanda ua wa minyaa, likimaliza ua linapanda mti, likimaliza mti linachungulia kwa jirani kuona wanapika nini. Kuna moja lilirefuka mpaka tukalivuna sisi upande wa kichwa na jirani akalivuna upande wa mkia, na hakuna aliyemdai mwenzie. Tulisugulia miguu, tulioshea masufuria, na wanaume walilitia chini ya tandiko la baiskeli wasiumie. Ila mimi, Kabula, niliyezaliwa siku mvua inanyesha mpaka mkunga akaja ameshika ndoo kichwani, mimi dodoki nililifanyia kazi nyingine. Nilichorea mbingu.

Shule mimi niliiona kwa mbali, nikichunga ndama. Niliijua kwa kengele yake. Wenzangu wakiimba a-e-i-o-u, mimi na ndama wangu tulikuwa tunaitikia kutoka bondeni. Nyumba yetu nzima hakuna aliyejua hata herufi inashikwa upande gani. Baba hajui, mama hajui, kaka Masanja hajui. Barua ikija tulikuwa tunaitazama kwa heshima, kisha inawekwa juu ya kabati.

Sasa pale kijijini alikuja mwenye duka mmoja na mke wake, watu wa asili ya pwani lakini wamezaliwa Tabora. Mke wake ndiye Bi Zuwena. Mwanamke mnene, mtaratibu, akitembea unasikia udi umefika yeye bado yuko nyuma. Kila Iddi ikikaribia, Bi Zuwena anakaa baraza la duka na kutengeneza kadi za kuwapelekea ndugu zake. Si za kununua. Za mkono.

Mhuri anauchonga kwenye soli ya kandambili iliyokufa. Anakata kwa wembe: mwezi, nyota, ua la pamba, birika. Kile kipande anakigandisha kwenye kijiti kwa utomvu wa mnyaa, na ole wako utomvu ule ukuruke jichoni, utaona kijiji kizima kina rangi ya maziwa. Wino wake anatengeneza mwenyewe. Wa buluu ni bluu ya kufulia. Mwekundu ni ile rangi ya kupaka ukili wa mikeka. Mweusi ni masizi ya sufuria, anayasaga na gundi ya mgunga mpaka yanang'aa kama paji la uso la mtoto aliyepakwa mafuta.

Watu wote walikuwa wanashangaa mihuri. Mimi nilikuwa nashangaa mbingu. Maana Bi Zuwena akishagonga mihuri yake chini, juu anachukua dodoki, kipande kilichokatwa duara kama chapati ya mtoto, analilowesha, analikamua mpaka linalia, analigusisha kwenye wino, halafu hagusi kadi! Kwanza anagusa gazeti la zamani. Mara moja, mara mbili.

Nikamuuliza, "Bibi, mbona unalisha gazeti?"

Akasema, "Nalitoa tamaa. Dodoki likitoka kwenye wino lina tamaa, litakula kadi yote. Likishagusa gazeti, linakuwa na adabu."

Ndipo anaanza kwenye kadi. Pembeni kwanza, polepole kuja ndani. Gusa, inua. Gusa, inua. Na zile nyuzi za dodoki zinaacha vitundu vidogovidogo, unaona kabisa mawingu yanakuja yakiwa yamechoka. Akitaka mwezi, anafunika hapo na kikaratasi cha duara, anagusagusa kukizunguka, akikitoa mwezi huo hapo, mweupe, umebaki wenyewe.

"Usipanguse," alikuwa ananiambia, "hapa hatufuti meza. Na wino ukizidi utatembea wenyewe. Unaiacha kadi nzuri juani, ukirudi unakuta imejichafua."

Nilishika. Yaani nilishika kiasi kwamba mwezi mmoja tu Bi Zuwena alikuwa ananiachia mbingu zote, yeye anabaki na mihuri. Aliniambia, "Kabula, una mkono wa hewa." Sikuwahi kusifiwa kitu chochote maishani isipokuwa sauti ya kuita ng'ombe. Nilirudi nyumbani siku hiyo sikanyagi chini, ndama wakanipita.

Sasa kaka yangu Masanja. Huyu alikuwa na mambo mawili: mluzi na Minza. Mluzi wake ulikuwa ukianza Didia ng'ombe wa Ibadakuli wanaacha kula. Na Minza alikuwa binti wa kijiji cha pili, mrefu, meno yamepangwa kama punje za hindi changa. Walipendana hadharani kwa namna ya enzi zetu, yaani hawakusemeshana hata siku moja mbele ya watu. Baba yake Minza akataja ng'ombe. Sitaji wangapi, mtaanguka kwenye vigoda. Baba yetu zizini alikuwa na ng'ombe wachache, na mmoja alikuwa mzee kuliko mimi.

Kwa hiyo Masanja akaamua kwenda Geita kuchimba dhahabu. Wakati ule vijana wote walikuwa wanakwenda. Unaambiwa huko mtu anajikwaa, akitazama kidole, kimepakaa dhahabu. Baba akamwambia mlangoni, mbele yetu, "Usirudi mikono mitupu. Ukirudi, rudi na ng'ombe wa watu." Mama yeye? Alishika ufagio akafagia njia, kutoka mlangoni mpaka barabara kuu, akimfuata nyuma, kama vile anasafisha nyayo zake. Na tangu siku hiyo kila alfajiri alikuwa anafagia njia ile. Miaka mitatu. Njia iliisha mpaka ikawa mfereji.

Habari tutapashana vipi? Kumwomba mtu akuandikie barua enzi hizo ni sawa na kupanda juu ya bati na kutangaza, maana jioni kijiji kizima kinajua mkeo anaumwa nini. Ndipo mimi na Masanja tukapatana kabla hajaondoka, mama akimenya viazi pembeni. Nitatengeneza kadi. Nikachonga mihuri mitatu kutoka kwenye kandambili ya baba, na fimbo niliyochapwa kwa ajili ya kandambili ile naikumbuka mpaka leo ikianza mawingu. Mhuri wa ng'ombe ni baba. Mhuri wa chungu ni mama. Mhuri wa kuku ni mimi. Mbingu ya buluu maana yake tuko salama. Ya buluu yenye wingu la kijivu maana yake mvua ni nzuri. Na mbingu nyeusi maana yake msiba. Masanja alikuwa anasema, "Aliyefunikwa na nyeusi, huyo ndiye aliyetutoka." Tukacheka. Mimi mtoto, yeye kijana, msiba kwetu ulikuwa ni pilau la jirani.

Kadi zilikwenda. Kila aliyekuwa anarudi Geita tunampa. Yeye alijibu kwa sukari na kitenge na salamu za mdomo kwamba duara lao, ndivyo wanavyoita shimo la kuchimba, bado linatafuta, ila karibu litatema. Kila mwaka karibu litatema. Mama alikuwa anapokea sukari ile, anainusa, anaiweka. Hakuwahi kusema amemkumbuka mwanae. Mama zetu walikuwa hivyo, mapenzi yao yalikuwa kwenye mikono. Na mkono wa mama, jamani, ule wa kulia, dole gumba lilikuwa na kovu limenyooka katikati kama reli ya Isaka. Alijikata siku moja akikata viazi vya michembe, vile vya kukausha. Kiazi hakikupotea, damu ikafutwa, michembe tukala.

Mwaka wa tatu, masika imechanganya, jirani yetu mmoja mchimbaji alikuja kuona familia yake, kesho yake anarudi Geita. Baba akaniita. "Mtengenezee kaka yako. Mwambie tuko wazima, mvua nzuri, asije mpaka duara liteme. Baba Minza bado anangoja, lakini hangoji milele."

Mama alikuwa anapepeta. Akasema tu, "Fanya kama baba yako alivyosema."

Nikakaa uani. Karatasi ya manila ilibaki moja tu, ukubwa wa kiganja. Nikagonga ng'ombe, nikagonga chungu, nikagonga kuku. Mbingu nikaweka buluu. Halafu wingu la mvua. Hapo ndipo nilipotaka kujionyesha. Nikasema leo nalipaka wingu ambalo Masanja akilitazama atafunua mwavuli. Nikachukua dodoki, nikagusa wino mweusi, na gazeti… Nyie, gazeti nililiona! Lilikuwa hapo! Nikaliruka. Nikasema mimi mkono wa hewa, gazeti la nini?

Likatoka wingu zito kidogo. Si baya. Zito. Nikaiweka kadi kwenye ungo juani ikauke, na dodoki pembeni yake. Mama akaniita, "Kabula, maji yameisha." Nikabeba ndoo nikaenda kisimani, na kisima cha enzi hizo hakikuwa cha kwenda na kurudi, ulikuwa unaondoka mtoto unarudi umevunja ungo.

Niliporudi, kadi ilikuwa nyeusi. Juu kote. Giza limeshuka mpaka kwenye chungu, chungu chote kimezama. Amebaki ng'ombe na kuku, wanatazamana. Na katikati ya lile giza alama ya dole gumba. Nikajua ni langu, niliishika kadi vibaya. Nikasikia sauti ya Bi Zuwena kichwani: wino ukizidi utatembea wenyewe. Umetembea! Umetembea mpaka umemfunika mama!

Karatasi nyingine hamna. Jirani anaita getini, baiskeli iko tayari. Baba akaikunja ile kadi kwenye jani la mgomba bila kuitazama, akampa. Na mimi nikanyamaza. Nilikuwa na miaka kama kumi. Nilijiambia Masanja ana akili, atajua ni wino tu.

Wiki ile mama alifagia njia mpaka ikang'aa, unaweza kunyolea. Jogoo wetu mkubwa akamfungia kibandani. Baba alipouliza kwa nini, mama akasema, "Ana kiburi."

Siku ya tisa, saa nane mchana, tukasikia kilio kutoka barabara kuu. Kilio cha mwanaume, kile kinachotoka tumboni. Majirani wakatoka. Wanawake, mikono kichwani, wakaanza na wao, hawajui wanamlilia nani lakini hawataki kuchelewa. Mbwa wakalia. Mimi nikamtambua Masanja: amenyoa kichwa chote, begani ana furushi la sanda nyeupe na kilo ya sukari. Nikaingia kwenye kihenge cha mtama, nikachungulia kwa tundu.

Mama akatoka nyuma ya nyumba na kisu cha viazi mkononi. Watu wakagawanyika njia. Masanja akasimama. Mguu mmoja juu.

"Mayu?" akasema.

"Ee, ng'wanawane, mwanangu. Nani kafa?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Ndiyo, mayu."

"Lini?"

Watu wakaacha kulia kidogokidogo, wa mwisho akiwa mama mmoja ambaye alikuwa ameshajigaragaza na ilikuwa aibu kuinuka. Mama akatupa kisu, akamkumbatia Masanja. Wenzangu, alimkumbatia! Kivuli kilihama upande wa pili wa nyumba wakiwa bado wamesimama. Halafu yule jogoo mwenye kiburi akachinjwa.

Wakati wa kula, baba akaishika ile kadi aliyorudi nayo Masanja. Akaigeuza. "Nani ametia giza hili?"

Macho yote kwangu. Nikasema, na sauti yangu ilikuwa ya kifaranga, "Mvua. Imelowa njiani."

Mama akadakia haraka, "Ni mvua. Masika ya mwaka huu ni kali."

Masanja akaichukua kadi mkononi mwa baba. Akaitazama. Mama alikuwa anampa bakuli la mchuzi wakati ule. Akamtazama mama, akaitazama tena kadi, akaitia mfukoni. "Basi ni mvua," akasema.

Mimi nikamshukuru mama moyoni. Nikajiona mtoto mwenye bahati, mama amenifunika.

Mnajua kilichofuata, si ndiyo? Mnaogopa tu kukisema. Masanja alikaa siku kumi, maana kila akifunga furushi mama anapata homa. Siku ya kumi na moja akarudi yule jirani, hata baiskeli hakuiegesha vizuri. Duara limetema. Wameshagawana mifuko ya mawe. Na sheria ya duara ni moja: siku ya kugawana, asiyekuwepo hana mfuko. Hawaangalii umechimba miaka mingapi. Hawaangalii umekwenda kuzika nani, sembuse kumzika mtu anayekata viazi.

Masanja alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Karibu maji." Ndiyo hayo tu.

Mavuno hayajaisha, Minza akaolewa Kagongwa, na mwenye mashine ya kukoboa mpunga. Siku anapitishwa barabarani na shangwe, kaka yangu alikuwa juu ya paa letu anaezeka nyasi. Alikuwa na nyasi mdomoni. Nilingoja mluzi. Nilisimama chini ya ngazi nikangoja. Mluzi ule, jamani, sijausikia tena tangu siku hiyo. Alioa baadaye, tena wifi yangu ni mwema, yuko hapo anasikia, na mapishi yake nayaheshimu kuliko serikali. Lakini hata yeye hajawahi kumsikia mume wake akipiga mluzi.

Na mimi? Mimi niliacha dodoki. Bi Zuwena alinituma mtu, akaja mwenyewe mpaka nyumbani. "Kabula, Iddi imekaribia, mbingu zangu nani atanichorea?" Nikamwambia mkono unauma. Akaniletea dawa ya kuchua. Mwaka uliofuata nikamwambia hivyohivyo. Walipohama kurudi Tabora alinipa kopo la biskuti, ndani mihuri yake yote, na vipande vinne vya dodoki vimefungwa kwenye kitambaa. Akasema, "Mkono ukipona." Amefariki akijua mwanafunzi wake ana ugonjwa wa mkono. Na mihuri yangu mitatu nikaitia humohumo. Kopo lile nimehama nalo nyumba tano, na sijawahi kulifungua mbele ya mtu.

Siku hizi sikukuu ikifika mjukuu wangu ananiletea simu usoni: maua yanacheza, kengele zinalia, mshumaa unakonyeza jicho. "Bibi, nimekutumia kadi!" Namuuliza umeitengeneza saa ngapi? Anasema sijatengeneza, nimesambaza. Watu mia mbili kwa dole moja, na dole lenyewe lilikuwa linafanya kingine. Hata za harusi nazo zinaingia kwenye simu, zina jina lako, na chini yake zimekutajia mchango kabla hujauliza bwana harusi ni nani. Sikatai, ni safi. Hazilowi. Haziwezi kukosewa. Zikifika, zimefika kama zilivyotoka. Lakini ukiitazama humo ndani humwoni mtu. Zetu ulikuwa unaona kabisa hapa alikuwa na haraka, hapa alipiga chafya, hapa alikuwa anakuwaza. Kosa langu lenyewe, lile la kunilaza macho miaka yote, lilikuwa na mkono ndani yake. Nani leo anaweza kumharibia kaka yake maisha kwa mkono wake mwenyewe? Wanasingizia mtandao.

Basi Krismasi iliyopita tulikusanyika wote Didia, kwa mama. Mama yupo! Ana miaka ambayo hata Mungu anaihesabu kwa vidole. Masikio yake siku hizi yanachagua: ukimwita kuoga hasikii, ukinong'ona nyama anaitika. Tumekula, tumeshiba, mjukuu amelitoa kopo la biskuti kwenye mkoba wangu akidhani kuna biskuti. Akamwaga mihuri mkekani. Ng'ombe akaanguka, chungu kikaanguka, kuku akaanguka.

Masanja akaiona. Nikaona anaiona. Nikasema leo, Kabula, leo au uzikwe na siri yako.

Nikapiga magoti mbele ya kaka yangu, mimi mtu mzima mwenye wajukuu, magoti yakalia kama mlango wa ghala. Nikamwambia yote. Kwamba haikuwa mvua. Kwamba niliruka gazeti kwa majivuno, wino ukatembea, ukamfunika mama, nikanyamaza. Kwamba duara nililitupa mimi, Minza nilimwoza Kagongwa mimi, na mluzi nimeukata mimi.

Wifi akaweka chini sahani alizokuwa anakusanya. Hata watoto waliacha kutafuna.

Masanja akainuka, akaingia ndani. Nikajua amekwenda kuchukua fimbo, na nikasema ni haki. Akarudi na mfuko wa nailoni, ndani mfuko mwingine, ndani yake ile kadi. Imekuwa ya kahawia, kona zimeliwa na mende, lakini giza liko palepale.

"Weka dole lako hapa," akaniambia.

Nikaweka juu ya ile alama. Likaenea barabara. "Si unaona?" nikasema nikilia. "Ni langu."

"Linaenea leo, mama wee! Siku ile ulikuwa na kidole kama karanga." Akaisogeza kadi mwangani. "Tazama katikati ya alama. Unaona nini?"

Nikatazama. Mstari. Mweupe, umenyooka, umegawa dole lile mara mbili, kama reli.

"Nimekula ugali wa mkono huo maisha yangu yote," Masanja akasema polepole. "Niliutambua jioni ileile, aliponipa mchuzi."

"Kaka, mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Baba angemrudisha kwao. Na wewe ulivyoanza habari za mvua, naye akadakia, nikajua mmepanga wote wawili. Nikasema basi, wanawake wa nyumba hii wamenitaka nyumbani. Nikakaa."

"Mimi sikujua kitu!"

"Sasa ndiyo najua hukujua."

Tukatazamana, mimi na kaka yangu. Yeye miaka yote ananisamehe kosa nisilolifanya, na mimi miaka yote mkono wangu mzima naufungia kwenye kopo la biskuti. Nikamfikiria Bi Zuwena na chupa yake ya dawa ya kuchua. Nikafikiria mbingu zote ambazo sikuzichora. Wifi akanifuta machozi kwa kanga yake, halafu akajifuta na yeye.

Halafu taratibu, mmoja baada ya mwingine, tukageuza vichwa kumtazama mama.

Alikuwa kwenye kiti chake, anamumunya mfupa ambao nyama yake iliisha tangu asubuhi. Akatutazama sote, mmoja mmoja. Akaitazama kadi. Akautoa mfupa mdomoni.

"Mnaninong'ona nini?" akasema kwa sauti ya kuita ng'ombe. "Dodoki lenyewe mtoto alikuwa ameliacha juani, limekauka kama mavi ya mbuzi! Nililitemea mate mara tatu ndipo likakolea!"